Grey Walter, mtu aliyeunda kobe wa mashini waliojua kurudi nyumbani

Mwaka 1995, kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilianza kuuza mashini ya kukata majani inayojiendesha. Inazunguka uani bila mtu kuisukuma. Ikigonga mti, inageuka. Zilizofuata zilijifunza pia kurudi zenyewe penye umeme batri inapokaribia kwisha. Lakini tabia hizo zote zilikuwa zimeshaonekana mjini Bristol, Uingereza, zaidi ya miaka 40 mbele, nyumbani kwa William Grey Walter.

Hakuwa fundi wa bustani. Alizaliwa Kansas City, Marekani, tarehe 19 Februari 1910, akalelewa Uingereza na kusoma Cambridge. Kazi yake ilikuwa ubongo. Mwaka 1936 alionyesha kwamba mawimbi ya umeme ya polepole yanaweza kufichua mahali penye uvimbe, bila kupasua kichwa. Tangu 1939 alifanya kazi katika taasisi ya Burden, Bristol.

Alijiuliza kama kiumbe kinahitaji seli nyingi ili kionekane kuwa na akili, ama zinatosha chache zilizounganishwa vizuri. Kwa hiyo, mwaka 1948 na 1949, aliunda kobe wawili, Elmer na Elsie: magurudumu 3, jicho moja la kuhisi mwanga, swichi moja chini ya gamba, na vali 2 za redio badala ya ubongo. Basi.

Mwanga wa kadiri uliwavuta, ule mkali uliwafukuza. Gamba likigonga kiti, kobe alisahau mwanga, akasukuma na kugeuka mpaka apate njia. Na hapa ndipo penye ufundi hasa: batri ikichoka, jicho lilipungua makali, kwa hiyo taa kali ya kibandani haikumfukuza tena. Aliingia, akajazwa umeme, akatoka. Hakuna aliyemwamuru arudi.

Wale wa kwanza waliharibika mara kwa mara. Mwaka 1951 fundi W. J. Warren aliunda wengine 6 walio imara zaidi, na watu wakawaona kwenye maonyesho makubwa ya London.

Mwaka 1970, Walter akiwa kwenye pikipiki ndogo, aligongana na farasi. Aliumia vibaya sana kwenye ubongo, kiungo kile alichokichunguza maisha yake yote, na hakupona kabisa. Alifariki tarehe 6 Mei 1977, akiwa na miaka 67.