Kapteni Pitman, Bwana Nyama Mkuu wa Uganda

Miongoni mwa watu waliobeba bunduki katika nchi ya Uganda, wachache walilazimika kufikiri sana kabla ya kuifyatua kama Kapteni Charles Robert Senhouse Pitman. Tangu mwaka 1925 hadi 1951 ndiye aliyekuwa Bwana Nyama Mkuu wa nchi hiyo. Twaona yafaa maisha yake yasimuliwe mbele ya askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu swali lililomkabili kila siku ni lile lile linaloletwa hata leo katika vituo vyetu vya Mbarara na Isingiro: mnyama wa mwitu akiingia katika shamba la mtu, nani ana haki ya kumwua, na kwa masharti gani?

Pitman alizaliwa Bombay, nchini India, mwaka 1890. Baada ya kupata mafunzo ya uofisa huko Sandhurst, Uingereza, aliingia Jeshi la India katika kikosi cha 27 cha Punjabi. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka alipigana katika nchi mbalimbali, zikiwemo Ufaransa na Mesopotamia, akatunukiwa nishani mbili za ushujaa. Vita vilipokwisha aliacha jeshi akaja Kenya kujaribu kilimo. Huko ndiko alikotoka alipoitwa Uganda kushika idara iliyokuwa changa kabisa.

Idara hiyo ya Wanyama haikuanzishwa kwa ajili ya watalii. Ilianzishwa kwa sababu ya vilio vya wakulima. Tembo walikuwa wametapakaa karibu kila upande wa nchi, nao walikuwa wakiila mihogo, ndizi na mtama wa watu kwa usiku mmoja. Pitman na maofisa wake, akiwemo yule Kapteni Salmon ambaye watu walimwita Samaki, waliweka utaratibu. Tembo waliokaa porini waliachwa. Wale waliovuka kuingia mashambani walifuatwa upesi na kupigwa risasi papo hapo, ili kundi lililobaki lijifunze kwamba mahali pale pana hatari. Pembe ziliingia katika hazina ya serikali, na fedha zake zikawa tegemeo la idara yenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa na uzito ambao askari yeyote ataufahamu. Risasi moja mbaya humjeruhi tembo bila kumwua, na tembo aliyejeruhiwa humwua mwanakijiji wa kwanza anayekutana naye. Kwa hiyo mwindaji wa idara alipaswa kumfuata mnyama aliyemjeruhi hadi mwisho, hata kama jua limekuchwa na majani yamempita kimo. Ilimpasa pia kumtambua mkosaji. Kuua mnyama yeyote aliyekaribu, mradi hesabu itimie, hakukuliponya shamba.

Sheria ya wakati huo ilimfanya mnyama wa mwitu awe mali ya serikali, hata akisimama katikati ya migomba ya mtu. Mkulima aliruhusiwa kuilinda nafsi yake na mazao yake, lakini pembe za tembo aliyeuawa hazikuwa zake. Hapana budi tuseme wazi kwamba sheria hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa. Mgeni mwenye fedha aliweza kununua leseni ya kuwinda, na mwenyeji ambaye babu zake waliwinda kwa mikuki aliitwa jangili. Manung'uniko yaliyozaliwa hapo hayakwisha bendera ya mkoloni ilipoteremshwa.

Pitman hakuwa mtu wa bunduki tu. Mwaka 1931 alitumwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kuchunguza wanyama wa huko. Mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya nyoka wa Uganda, kinachomwezesha msomaji kumtofautisha nyoka mwenye sumu na asiye na sumu. Wakati wa Vita vya pili, tangu 1941 hadi 1946, alikabidhiwa uongozi wa usalama na upelelezi nchini Uganda. Mwaka 1951 alistaafu, na mwaka uliofuata mbuga za kwanza za taifa zikaanzishwa.

Yaliyotokea Ankole baada yake yanaonyesha gharama ya kukosa utaratibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wanyama wengi waliuawa kwa amri ya serikali ili kuwaangamiza mbung'o. Mwaka 1983 eneo la Ziwa Mburo lilifanywa mbuga ya taifa, na wafugaji wakahamishwa kwa nguvu. Serikali ilipoanguka mwaka 1985 walirudi, wakavunja majengo ya mbuga na kuchinja wanyama, ili pasiwe na sababu tena ya kuwafukuza. Baadaye zaidi ya nusu ya eneo hilo ilirudishwa kwa wananchi. Nchini kote, katika miaka ya 1970, silaha za kivita zilizoshikwa na watu waliopaswa kulinda zilitumika kuwamaliza tembo. Hilo ni doa ambalo vikosi vyetu havipaswi kulisahau.

Leo swala pala na punda milia wa Mburo hutoka na kulisha katika ranchi za watu pamoja na ng'ombe. Tangu mwaka 2001 uwindaji wa kulipia uliruhusiwa kwa majaribio katika baadhi ya mashamba hayo, ili mwenye ardhi naye apate fungu. Huko Nakivale, ambako wakimbizi wamepokewa tangu miaka ya mwisho ya ukoloni, hali ni ngumu zaidi. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kulima lakini si mwenye ardhi. Hasara ya mahindi, hata hivyo, ni yake yote.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inasema kwamba mnyama wa mwitu ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi wa Uganda. Sheria hiyo pia imeweka mpango wa fidia kwa anayeuawa, anayejeruhiwa au anayeharibiwa mali na wanyama wa aina zilizoorodheshwa, nje ya hifadhi. Nyani, ngedere na nguruwe mwitu waliwekwa katika daraja la waharibifu, na serikali za wilaya zikapewa jukumu la kuwadhibiti. Kiboko hamo katika daraja hilo. Kinga yake ni handaki, ua imara, na kutolima ukingoni mwa ziwa: kanuni za mwaka 2000 zinataka nafasi isiyopungua mita 100 iachwe, na anayeifuata huwa ameiacha wazi njia ya kiboko ya usiku.

Basi askari anapoletewa malalamiko ya namna hii, wajibu wake ni dhahiri. Aandike taarifa siku hiyo hiyo, alama za miguu na mazao yaliyoliwa vikiwa bado vyaonekana, kwa maana dai la fidia lisilo na ushahidi ni vigumu kulipwa. Aite watumishi wa Mamlaka ya Wanyamapori, na ikiwa ni kambini, ofisi ya mkuu wa makazi. Awazuie watu wasimzingire mnyama. Asifyatue risasi ila maisha ya mtu yamo hatarini, na mnyama akifa, nyama na ngozi zisigawanywe, kwa kuwa ni mali ya umma.

Pitman alifariki mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 85. Aliyoyaacha si pembe alizohesabu, bali kanuni kwamba bunduki ya serikali hupigwa kwa ajili ya mkulima aliyeharibiwa shamba, na kwamba aliyeipiga hutoa hesabu ya kila risasi.