Enoch Powell: Aliyewalilia wafu wa Hola na kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya

KATIKA siasa za Uingereza za karne iliyopita, ni wanasiasa wachache waliopendwa na umati kama Enoch Powell, na ni wachache waliokufa wakiwa mbali hivyo na kiti walichokitamani. Hakuwahi kuwa waziri mkuu, wala hakuwahi kukiongoza chama chake cha Conservative. Hata hivyo, suala la wahamiaji, alilolifanya mtaji wake wa kisiasa, limeendelea kuwapandisha na kuwaangusha viongozi wa nchi hiyo tangu wakati huo.

Msomaji wa Migwani ana haki ya kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu mara mbili jina la Kenya liliamua mkondo wa maisha ya mtu huyu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1959, kwa ajili ya Hola, mji unaotenganishwa na Migwani na nyika kavu ya Kitui inayoshuka hadi Mto Tana. Mara ya pili ilikuwa 1968, kwa ajili ya wenye maduka wa asili ya Bara Hindi waliokuwa wakiihama nchi hii.

Msomi aliyegeuka askari

John Enoch Powell alizaliwa Birmingham Juni 16, 1912, mtoto wa pekee wa wazazi walimu. Akili yake ilijitokeza mapema. Alisomea lugha za kale, Kigiriki na Kilatini, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1937, akiwa na umri wa miaka 25 tu, aliteuliwa profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia.

Vita vilipozuka mwaka wa 1939 aliuacha uprofesa, akarudi nyumbani na kujiunga na jeshi akiwa askari wa cheo cha chini kabisa. Kufikia 1944 alikuwa brigedia. Kazi ya ujasusi wa kijeshi ilimpeleka Afrika Kaskazini na kisha India, nchi aliyoipenda kiasi cha kuota kwamba siku moja angekuwa gavana mkuu wake. India ilipojipatia uhuru mwaka wa 1947, ndoto hiyo ilikufa. Akageukia siasa, na Februari 1950 akachaguliwa mbunge wa Wolverhampton Kusini Magharibi, mji wa viwanda karibu na Birmingham.

Powell alikuwa mhafidhina kwelikweli. Aliamini katika ufalme, Bunge, kanisa na soko huria. Tena hakuwa mtu wa kuinama. Januari 1958 alijiuzulu wadhifa wake katika Wizara ya Fedha pamoja na waziri wake, kwa sababu serikali ilikataa kupunguza matumizi kwa kiwango walichotaka.

Usiku wa Hola

Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola baada ya kukataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya wakuu wa serikali ya kikoloni ilidai kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulithibitisha kwamba walipigwa hadi kufa.

Julai mwaka huo suala hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza hadi usiku wa manane. Wabunge wengi wa Conservative waliitetea serikali yao au walinyamaza. Powell alisimama na kuishambulia, ingawa uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia. Alikataa hoja kwamba waliouawa walikuwa watu wabaya wasiostahili kuhurumiwa, na akasisitiza kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine barani Afrika. Wengi waliomsikia walikiri kwamba hotuba hiyo ilikuwa miongoni mwa bora kuwahi kutolewa katika Bunge hilo.

Miezi michache baadaye Iain Macleod, rafiki wa Powell, aliteuliwa Waziri wa Makoloni. Mwaka wa 1960 akaongoza mkutano wa Lancaster House uliofungua njia ya uhuru wa Kenya. Aibu ya Hola ilichangia kuharakisha safari hiyo, na sauti ya Powell ilikuwa mojawapo ya zilizoifanya aibu hiyo isifichike.

Pasipoti na maduka

Kati ya 1960 na 1963 Powell alikuwa Waziri wa Afya. Katika kipindi chake, hospitali za Uingereza ziliendelea kuajiri wauguzi kutoka visiwa vya Karibi na madaktari kutoka Bara Hindi. Hakuna aliyemhesabu miongoni mwa wapinzani wakuu wa wahamiaji.

Hali ilianza kubadilika katika uchaguzi wa 1964. Conservative walishindwa nchini, lakini katika eneobunge la Smethwick, karibu na Wolverhampton, mgombea wao alimbwaga mwanasiasa mashuhuri wa Labour, Patrick Gordon Walker, kwa kampeni iliyotumia hofu ya wahamiaji. Somo lilikuwa wazi kwa kila mwanasiasa wa eneo hilo. Mwaka uliofuata Powell aligombea uongozi wa chama na kuambulia kura 15 pekee, huku Edward Heath akipata 150 na Reginald Maudling 133. Wabunge wenzake hawakumtaka. Ilimbidi atafute nguvu mahali pengine, na mahali hapo palikuwa kwa wananchi.

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakigeuka Nairobi. Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, wakazi wenye asili ya Bara Hindi walipewa miaka miwili kuomba uraia wa Kenya. Wengi walisita. Walishikilia pasipoti za Uingereza, wakisubiri kuona upepo utaelekea wapi.

Mwaka wa 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili nzito. Sheria ya Uhamiaji ilimtaka kila asiye raia awe na kibali cha kuishi na kufanya kazi. Sheria ya Leseni za Biashara iliwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa mijini na kuuza bidhaa fulani muhimu. Masoko ya mashambani kama Migwani, wakati huo katika Wilaya ya Kitui, yalikuwa nje ya mipaka hiyo. Lengo la serikali ya Mzee Kenyatta lilikuwa kumpa Mwafrika nafasi aliyonyimwa na ukoloni, na hatua hiyo ilipendwa na wapigakura. Kwa familia nyingi za Kihindi ilimaanisha kufunga duka na kufunga virago.

Walikuwa na mahali pa kwenda. Sheria ya Uingereza ya 1962 iliyowabana wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola haikumgusa mtu mwenye pasipoti iliyotolewa kwa niaba ya serikali ya London. Baada ya uhuru, pasipoti za Wahindi hao zilitolewa na ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, hivyo walikuwa na haki kamili ya kuingia. Katika miezi miwili ya kwanza ya 1968, zaidi ya watu 10,000 walipanda ndege kwenda huko.

Ndipo Powell, akishirikiana na Duncan Sandys, waziri wa zamani aliyesimamia makoloni wakati Kenya ikipata uhuru, alipopaza sauti kutaka mlango ufungwe. Serikali ya Labour, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani James Callaghan, ilisalimu amri. Mswada ulipita katika muda wa siku tatu na kuwa sheria Machi 1, 1968. Tangu siku hiyo, pasipoti ya Uingereza pekee haikutosha. Mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, ilibidi awe na mizizi ndani ya Uingereza. Mzungu wa Kenya alikuwa na babu wa namna hiyo. Mhindi wa Kenya hakuwa naye.

Macleod, aliyekuwa mshirika wa Powell, alipiga kura ya kuupinga mswada huo. Alishikilia kwamba Uingereza iliwaahidi watu hao, na kwamba ahadi ni deni. Sandys alikana kuwepo kwa ahadi hiyo. Mwaka wa 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba sheria hiyo iliwabagua Wahindi wa Afrika Mashariki kwa misingi ya rangi na kuwavunjia heshima. Ripoti yenyewe haikutangazwa hadi 1994.

Hotuba iliyompandisha na kumwangusha

Aprili 20, 1968, Powell alihutubia wanachama wa chama chake jijini Birmingham. Alipinga mswada wa kuzuia ubaguzi wa rangi katika ajira na makazi, akataka wahamiaji wahimizwe kurudi makwao, na akaazima taswira ya mto uliojaa damu kutoka kwa mshairi wa Kirumi, Virgil, kutabiri maafa. Kesho yake Heath alimfuta kazi katika baraza lake la mawaziri kivuli.

Lakini umma ulisema tofauti na viongozi. Makuli wa bandari ya London, watu ambao kwa desturi walikuwa ngome ya Labour, waligoma na kuandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Barua zaidi ya 100,000 zilimfikia, nyingi zikimpongeza. Kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba asilimia 74 ya waliohojiwa walikubaliana na aliyoyasema. Kwa wahamiaji wenyewe, siku hizo zilikuwa za matusi na hofu barabarani na kazini.

Hapo ndipo ilipo siri ya mvuto wake. Mfanyakazi ambaye asingewahi kumsikiliza profesa wa Kigiriki akizungumzia soko huria alimsikiliza alipotaja wahamiaji. Suala moja liliwavusha wapigakura mpaka ambao sera za uchumi za Conservative hazingewavusha.

Uchaguzi wa Juni 1970 ulipofika, Heath alishinda kinyume cha utabiri wa wengi. Powell aliongeza wingi wake wa kura Wolverhampton zaidi ya mara mbili, na wachunguzi kadhaa wa uchaguzi waliona kwamba kura alizowavutia Conservative zilisaidia kumwingiza Heath madarakani. Yeye mwenyewe hakupewa wizara. Alikuwa amemlimia shamba mtu aliyemfukuza.

Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka mnamo Agosti 1972, Powell alitaka wakataliwe. Safari hii Heath hakusalimu amri. Uingereza ilipokea takriban watu 28,000, na mkutano mkuu wa Conservative ulikataa msimamo wa Powell. Februari 1974 aliachana na chama kwa hasira ya Uingereza kujiunga na Jumuiya ya Ulaya, akawashauri wapigakura wakichague Labour. Heath alianguka. Mwaka uliofuata uongozi wa Conservative ulipowaniwa, Powell alikuwa mbunge wa chama cha Ireland Kaskazini na hakuweza kushindana. Kiti kikaenda kwa Margaret Thatcher.

Thatcher alijifunza kutoka kwake. Mapema 1978 alitumia mahojiano ya televisheni kuonyesha kwamba anaielewa hofu ya wazungu kuhusu wahamiaji, na umaarufu wa chama chake ukapanda mara moja katika kura za maoni. Mwaka wa 1979 akaingia Downing Street. Powell alibaki Bungeni hadi aliposhindwa mwaka wa 1987, na akafariki Februari 8, 1998, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa Warwick akiwa amevaa sare zake za brigedia.

Watoto wa waliofungiwa mlango

Maafa aliyoyatabiri hayakutokea kama alivyoyachora. Familia zilizohama Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilifungua maduka na kusomesha watoto, na baadhi yao wakajiunga na chama kile kile cha Powell. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 2019 hadi 2022. Suella Braverman, ambaye baba yake alitoka Kenya, alimrithi. Rishi Sunak, mwana wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika, akawa waziri mkuu Oktoba 2022.

Nao waligundua kwamba suala la wahamiaji halina rafiki wa kudumu. Walitetea mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, lakini wapigakura waliotaka ukali zaidi waliwahama. Katika uchaguzi wa Julai 4, 2024, chama cha Reform UK cha Nigel Farage kilijizolea takriban asilimia 14 ya kura, nyingi zikitoka kwa waliokuwa wafuasi wa Conservative. Sunak aliondoka madarakani.

Hata hapa kwetu siasa za kumtaja mgeni hazijapoteza soko, na kila msimu wa uchaguzi huja na wa kumlaumu. Maisha ya Powell yanamwachia mpigakura kipimo ambacho Powell mwenyewe alikitoa usiku ule wa Hola, kwamba haki haina budi kuwa moja kwa walio karibu na walio mbali. Alikuwa na ujasiri wa kukitumia kwa ajili ya wafungwa 11 ambao hawakuwa na kura ya kumpa. Miaka tisa baadaye, mbele ya wenye pasipoti za nchi yake mwenyewe, alikiweka kando, na makofi yakawa mengi kuliko alivyowahi kuyapata.