John Syme: Inspekta Aliyewasemea Askari

Kazi ya askari wa polisi ni kuyasikiliza malalamishi ya umma, ilhali malalamishi yake mwenyewe aghalabu hukosa msikilizaji. Hali hiyo ndiyo iliyoyageuza maisha ya John Syme. Alizaliwa mwaka wa 1872 huko Ayrshire, nchini Scotland, akajiunga na polisi wa London mwaka wa 1894 na kupanda ngazi hadi cheo cha inspekta.

Mnamo mwaka wa 1909, konstebo wawili wa kituo chake waliwakamata wanaume wawili ambao baadaye ilibainika kuwa hawakuwa na hatia. Syme aliwaachilia wanaume hao. Hata hivyo, wakubwa walipotaka kuwaadhibu konstebo wale, aliwatetea akishikilia kwamba walitenda kwa nia njema. Utetezi huo ulimponza. Alilaumiwa kwa kuwaegemea wadogo wake, naye akawashtaki wakubwa kwa uonevu. Mwaka wa 1910 alifutwa kazi.

Tangu hapo Syme hakutulia. Alidai uchunguzi wa kesi yake kwa maneno makali, akafungwa jela zaidi ya mara moja, na kifungoni akasusia chakula. Fauka ya hayo, alitambua kuwa masaibu yake hayakuwa yake peke yake. Mwaka wa 1913 alianzisha chama cha kuwatetea polisi, ambacho baadaye kilijumuisha pia maafisa wa magereza. Kamishna alikipiga marufuku, na aliyegunduliwa kuwa mwanachama alihatarisha kazi yake. Licha ya hayo, askari walijiunga kisirisiri, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambapo bei za bidhaa zilipanda na mishahara ikabaki duni.

Tarehe 30 Agosti 1918, maelfu ya polisi wa London waligoma baada ya mwanachama mmoja kufutwa kazi. Kesho yake Waziri Mkuu, David Lloyd George, alikutana na wajumbe wao. Mishahara iliongezwa, aliyefutwa akarudishwa, na Kamishna akajiuzulu. Lakini Syme hakuwa miongoni mwa viongozi walioupokea ushindi huo, kwani alikuwa amekwisha kutengana nao.

Ushindi wenyewe haukudumu. Sheria ya Polisi ya 1919 iliwakataza polisi kujiunga na vyama vya wafanyakazi, ikawaundia shirikisho lisilo na haki ya kugoma. Waliogoma kuipinga, zaidi ya 2,300, walifutwa kazi wala hakuna aliyerejeshwa.

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Syme hakukubali, na ukaidi huo ulimgharimu kazi, uhuru na afya. Serikali ilimpa pensheni mwaka wa 1931, miaka 21 baada ya kufutwa kwake. Alifariki mwaka wa 1945.

Swali alilolizua lingali hai. Hata nchini Kenya, Katiba ya 2010 inaruhusu sheria kuwawekea polisi mipaka katika haki za wafanyakazi. Palipo na mipaka hiyo, ni wajibu wa dola kuhakikisha kwamba askari anayemtetea mwenzake ana mahali pa kusikilizwa kabla hajageuzwa kuwa mkosaji.