August Bier, daktari aliyekubali kuchomwa ganzi ya mgongo

Wadau, mmeshajiuliza ile ganzi ya mgongo wanayochomwa kina mama kwenye oparesheni ya uzazi, macho makavu na wanaongea na nesi, ilitoka wapi? Mimi niliposoma habari za mzee August Bier nilicheka kwanza, halafu nikanyamaza.

Huyu ni Mjerumani, kazaliwa 1861. Agosti 1898, akiwa daktari mpasuaji mjini Kiel, aliwachoma wagonjwa kadhaa kokeini kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Miguu ikafa ganzi, kisu kikapita. Ila baadaye baadhi yao walitapika na kuumwa kichwa. Akataka kujua kwa nini, akajitolea mwenyewe!

Msaidizi wake, Hildebrandt, akamchoma. Bomba likakataa kukaa sawasawa kwenye sindano, dawa ikapotea na maji ya mgongo yakamwagika mengi. Wakabadilishana. Safari hii ganzi ikashika barabara: Bier akampiga mwenzake nyundo ya chuma kwenye muundi, akamuunguza na sigara, akamvuta nywele za sehemu nisizozitaja hapa. Jamaa hasikii kitu. Jioni wakajipongeza kwa mvinyo.

Baada ya hapo Bier alilala kitandani siku 9. Akiinuka kichwa kinagonga, akilala kinatulia. Akahisi mchawi ni yale maji yaliyovuja, na alikuwa sahihi.

Mwaka 1900 Oskar Kreis wa Basel, Uswisi, alikuwa tayari anaitumia sindano hiyo kwa wanaojifungua. Kwa mjamzito kuna balaa lingine kabisa. Ganzi hulegeza mishipa ya damu, presha inaporomoka, na akilala chali mimba inabana mishipa mikubwa tumboni. Damu ikipungua kichwani, ubongo unakosa oksijeni ya kutosha: kichefuchefu, kizunguzungu, giza machoni. Kile kibanio cha kidoleni kinaweza kusoma 99 huku ubongo una kiu! Ndiyo maana anainamishwa kidogo kushoto, anawekewa dripu na dawa ya kupandisha presha kama fenilefrini, na presha inapimwa kila baada ya dakika moja au mbili. Kuna hata kipimo cha mwanga kinachobandikwa kwenye paji la uso kusoma oksijeni ya ubongo. Kwa hiyo mama akisema anasikia kizunguzungu, jamani, asiambiwe avumilie.

Bier mwenyewe alihamia Berlin, 1908 akaleta ganzi ya kupitia mshipa wa damu mkononi, uzeeni akashughulika na msitu wake kule Sauen, na huko ndiko alikofariki 1949. Madaktari na manesi mliopo humu, mwageni ya kwenu hapo chini.