Ivo Van Damme, Kijana Tunayemkimbilia Laeken

Mwenzenu tangu nifike Brussels sikosi kwenda Laeken kila mwisho wa kiangazi kushangilia wakimbiaji wetu katika mashindano ya Memorial Van Damme, kwenye ule uwanja wa Heysel ambao tangu 1995 unaitwa Mfalme Baudouin. Bendera begani, sauti imekauka. Lakini huyo Van Damme mwenyewe ni nani? Mimi nilidhani ni tajiri fulani aliyetoa pesa. Kumbe wapi!

Ivo Van Damme alizaliwa Brussels tarehe 21 Februari 1954. Alianza na mpira wa miguu, kisha akahamia riadha. Mapema 1976 alichukua ubingwa wa Ulaya wa mita 800 wa ndani ya ukumbi, mjini Munich. Mwaka huo huo akaenda Olimpiki ya Montreal, akarudi na medali mbili za fedha. Mita 800 alitanguliwa na Alberto Juantorena wa Cuba, aliyevunja rekodi ya dunia. Mita 1500 alitanguliwa na John Walker wa New Zealand, kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde.

Sasa hapa ndipo panaponigusa. Nchi zaidi ya 20 za Afrika zilisusia michezo ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa inazuru Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikuzuiwa kushiriki. Mike Boit wa Kenya, mwenye shaba ya mita 800 ya Munich 1972, hakukimbia. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyemshinda Walker na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, naye hakukimbia. Halafu dhahabu ikaenda New Zealand hiyo hiyo!

Je, fedha za Ivo zilikuwa za bure? Bwenini tumebishana sana. Mimi nasema hapana. Mtu hushindana na waliofika mstarini. Wetu nao walilipa gharama ya msimamo wa haki, na deni hilo hakuna aliyewarudishia.

Marudiano hayakuwezekana. Tarehe 29 Desemba 1976, akirudi kutoka mazoezini kusini mwa Ufaransa, Ivo alifariki katika ajali ya gari karibu na Orange. Alikuwa na miaka 22 tu, umri wetu sisi.

Waandishi wa michezo wa Ubelgiji wakaanzisha mashindano ya kumkumbuka, ya kwanza Agosti 1977, hapo hapo Heysel. Miaka 20 baadaye, tarehe 22 Agosti 1997, Paul Tergat alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa 26:27.85, na jioni ile ile Daniel Komen akavunja ya mita 5,000 kwa 12:39.74. Wakenya wawili, jioni moja, chini ya jina la kijana ambaye Montreal hakuwakuta wenzao.

Basi, jamani, siku mkija Laeken, kabla hamjapiga kelele, mkumbukeni Ivo. Na Boit na Bayi pia.