Maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na Jinsi Kumbukumbu Yake Inavyotunzwa

Mwezi huu twataka kueleza habari za maisha ya mtu ambaye jina lake lajulikana katika kila nyumba ya pwani yetu, toka Mikindani na Mtwara hata mdomo wa mto Ruvuma. Mtu huyu ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Vijana wengi waliozaliwa baada ya kufa kwake wanalijua jina lake kwa kuwa limeandikwa juu ya barabara na shule, walakini kazi yake hawaijui sana. Kwa sababu hiyo twaona ni vema kuyaeleza maisha yake kwa taratibu, kisha tuseme habari za wale wanaoitunza kumbukumbu yake.

Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili, mwaka wa 1922, katika kijiji cha Butiama, upande wa mashariki wa ziwa Viktoria Nyanza. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, kabila dogo lisilokuwa na sifa kubwa katika nchi. Mama yake aliitwa Mugaya, naye alikuwa mke wa tano wa mtemi. Mtoto akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, maana siku ile aliyozaliwa mvua nyingi ilinyesha. Akakua kama watoto wengine wa kijijini, akichunga mbuzi wa baba yake, hata alipokuwa na umri wa miaka 12 ndipo alipopelekwa shuleni Mwisenge, katika mji wa Musoma. Huko akawapita wenziwe upesi, na mwaka wa 1937 akapelekwa shule kubwa ya serikali ya Tabora.

Mwaka wa 1943 akaingia chuo cha Makerere katika nchi ya Uganda, ajifunze kazi ya ualimu. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule akabatizwa katika kanisa la Kikatoliki, akaitwa Julius. Alipomaliza masomo yake akarudi Tabora, akafundisha katika shule ya St. Mary's. Tena mwaka wa 1949 akavuka bahari kwenda Edinburgh katika nchi ya Uskoti, akasoma huko hata akapata shahada yake mwaka wa 1952. Aliporudi akamwoa Bibi Maria Gabriel, akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Basi, jina la Mwalimu ambalo watu walimwita hata siku ya kufa kwake halikuwa jina la heshima tu. Lilikuwa jina la kazi yake ya kwanza.

Mwaka wa 1953 alichaguliwa kuwa mkuu wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai, mwaka wa 1954, chama kile kikageuzwa kuwa TANU, yeye akiwa ndiye kiongozi wake. Mwaka wa 1955 alitumwa New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wa Waingereza kwa niaba ya Umoja ule. Aliporudi ilimpasa achague: ama kazi ya ualimu, ama kazi ya chama. Akauacha ualimu pamoja na mshahara wake, akashika kazi ya chama.

Mambo mawili ya miaka ile yatuonyesha tabia yake. La kwanza ni mkutano wa Tabora wa mwezi wa Januari, mwaka wa 1958. Waingereza walikuwa wameweka sheria kwamba katika uchaguzi kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Wengi katika chama walitaka kuukataa uchaguzi ule kwa hasira, maana ulikuwa na dharau ndani yake. Mwalimu akawashawishi waingie, akijua kwamba wakijitenga watawaachia wengine nafasi. Wakaingia, wakashinda. La pili ni baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba, mwaka wa 1961. Hazikupita wiki nyingi, mwezi wa Januari, mwaka wa 1962, akajiuzulu uwaziri mkuu, akampa Bwana Rashidi Kawawa mahali pake, naye akaenda kuzunguka katika nchi ili kukitengeneza chama upya. Ni wachache wanaoweza kushuka katika kiti ambacho wamekikalia kwa siku chache tu. Tarehe 9 Desemba mwaka ule ule nchi ikawa Jamhuri, naye akawa Rais wake. Na alipolihutubia Bunge alisema kwa Kiswahili. Mwaka wa 1964, tarehe 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zikaungana kuwa nchi moja.

Sasa twafika mambo yanayotuhusu sisi wa kusini. Ng'ambo ya Ruvuma walikuwako Wareno, waliotawala Msumbiji. Chama cha Frelimo kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, mwaka wa 1962, na vita yake ilianza mwezi wa Septemba, mwaka wa 1964. Watu wengi, hasa Wamakonde, wakavuka mto wakikimbia vita, wakapokelewa upande wetu na watu wa lugha yao na ukoo wao. Askari wa Frelimo walifundishwa Nachingwea, mahali ambapo Waingereza walikuwa wamejaribu kulima karanga kwa mashine na kushindwa. Mwalimu alijua kwamba jambo hili lina hatari, na hatari ile haikuwafikia watu wa mjini Dar es Salaam kama ilivyowafikia watu wa mpakani. Mabomu ya kutegwa yaliuawa watu njiani, na ndege za Wareno zilivuka mto. Walakini hakurudi nyuma. Tarehe 25 Juni, mwaka wa 1975, Msumbiji ikapata uhuru. Mwalimu na Rais Samora Machel wakawaza habari za daraja la kuunganisha nchi hizi mbili, nao hawakuliona. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa Mtambaswala mwezi wa Mei, mwaka wa 2010, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa.

Tarehe 5 Februari, mwaka wa 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha. Mabenki na viwanda vikubwa vikachukuliwa na serikali, na viongozi wakakatazwa kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Wengi wao walinung'unika. Baadaye kidogo, kwa sheria ya mwaka wa 1969, shule nyingi za makanisa nazo zikawa za serikali. Wako wazee katika sharika zetu wanaokumbuka uchungu wa siku zile, maana shule zile zilijengwa kwa sadaka za watu maskini. Lakini yatupasa kukumbuka pia kwamba toka hapo mtoto wa Mwislamu na mtoto wa Mkristo waliketi dawati moja bila kuulizwa dini yao; na katika pwani kama hii yetu, ambapo watu wa dini mbili wamekaa pamoja tangu zamani, jambo hili si dogo. Tena watu wazima kwa maelfu na maelfu walijifunza kusoma na kuandika katika miaka ya 1970, baba na mama wakishika kalamu jioni baada ya kazi ya shamba.

Iko pia habari ya vijiji. Mwalimu aliamini kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule, maji na zahanati kwa urahisi. Mkoa wetu wa Mtwara ulikuwa na vijiji vya ujamaa vingi mapema kuliko mikoa mingi. Hapo kwanza watu waliombwa. Lakini mwaka wa 1973 ikatolewa amri kwamba kila mtu wa shamba lazima awe kijijini kabla ya mwisho wa mwaka wa 1976. Watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu, na nyumba nyingine zikachomwa moto ili wenyewe wasirudi. Hapa kusini wengi waliiacha mikorosho yao mbali. Msimu wa 1973/74 nchi yetu iliuza korosho zipatazo tani 145,000. Miaka kumi na mitano baadaye hazikufika hata robo yake. Sababu zake zilikuwa zaidi ya moja, maana bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo na ugonjwa wa ukungu uliingia katika mikorosho. Walakini kuhamishwa kwa watu kulikuwa mojawapo. Tena ilikuwako sheria ya mwaka wa 1962 iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila hukumu, nayo ilitumika. Hatuyaandiki haya kwa kumdharau mtu aliyekufa. Twayaandika kwa sababu yalitukia, na walioumia walikuwa jirani zetu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, ikawa vita, na mwezi wa Aprili, mwaka wa 1979, Kampala ikatwaliwa. Vita ile iliimaliza hazina ya nchi. Ikafuata miaka ya shida, miaka ya foleni, ya kukosa sabuni na sukari na nguo. Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1985, Mwalimu akatoka katika urais kwa hiari yake, akampisha Bwana Ali Hassan Mwinyi, akarudi Butiama kulima. Hakuacha mali nyingi wala hakukimbilia nchi za nje. Alikuwa mtu wa vitabu pia: alitafsiri kwa Kiswahili michezo miwili ya Shakespeare, na katika uzee wake akaziandika habari za Injili kwa utenzi. Katika miaka ya mwisho alikuwa akiwapatanisha Warundi, waliokuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Akafa London tarehe 14 Oktoba, mwaka wa 1999, kabla kazi ile haijamalizika. Bwana Nelson Mandela akaishika, na mapatano yakatiwa sahihi Arusha mwezi wa Agosti, mwaka wa 2000. Mwili wake ulizikwa Butiama.

Haya ndiyo maisha yake kwa kifupi. Sasa yafaa kuuliza, je, kumbukumbu yake inatunzwa na nani? Mwaka wa 1996, yeye mwenyewe akiwa hai, ilianzishwa Taasisi ya Mwalimu Nyerere. Kazi yake haikuwekwa kuwa kujenga sanamu, bali kuutafutia watu amani, umoja na maendeleo katika Afrika. Nayo ndiyo iliyomsaidia katika kazi ya Warundi. Huko Butiama yako makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka wa 1999, ambamo vimewekwa vitu vyake na zawadi alizopewa. Chuo cha Kivukoni, kilichowafundisha viongozi wa chama, mwaka wa 2005 kiligeuzwa kuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Liko pia Kavazi la Mwalimu Nyerere Dar es Salaam, mahali pa kukusanya nyaraka na habari zake, na mwaka wa 2020 wataalamu watatu walitoa maisha yake katika vitabu vitatu vikubwa, wakieleza mema yake na makosa yake pamoja.

Kazi hii ya kutunza ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Sisi wa Mikindani twaweza kuijua kwa kutazama mji wetu tu. Boma lililojengwa na Wadachi mwaka wa 1895 lilikuwa limeanza kuwa gofu, nalo likatengenezwa kwa kazi nyingi na fedha nyingi, kwa hiyo lasimama hata leo. Lakini nyumba ngapi za mawe na chokaa zilizokuwa jirani yake zimeanguka, na hakuna aliyeandika ni nani aliyekaa ndani yake! Hata mahali ambapo Livingstone alishuka mwaka wa 1866, akianza safari yake ya mwisho, wengi wangepasahau kama pasingewekwa alama. Mambo ya watu huanguka kama nyumba: kwanza dari, kisha kuta, halafu watoto wanachukua mawe kuchezea.

Tena iko hatari nyingine, nayo ni sifa. Mtu akisifiwa tu, bila kuelezwa, ageuka kuwa jina la kuapia. Wenye kumpenda humtumia kufunika midomo ya wengine, na wenye kumchukia humlaumu kwa kila shida, hata ile iliyotokea baada yake. Mwalimu mwenyewe alipokwisha kutoka katika madaraka alisema wazi kwamba katika kazi yake yalikuwamo makosa, akawataka watu wayashike mazuri na kuyaacha mabaya. Anayeitunza kumbukumbu yake kwa kuficha makosa haitunzi kama alivyotaka.

Basi, ndugu zetu, hasa ninyi wainjilisti na waalimu wa mitaa, kazi hii si ya taasisi za Dar es Salaam peke yake. Makabatini mwa sharika zetu mna madaftari ya shule za zamani, barua, na hesabu za miaka ya vijiji na ya wakimbizi wa Msumbiji. Yaondoeni mahali penye mchwa na umande, yaandikeni tarehe, yawekeni pamoja. Wako pia wazee wa kandokando ya Ruvuma waliowapokea wakimbizi, waliobeba mizigo usiku, waliohamishwa mikoroshoni kwao. Wazee hawa wanapungua kila mwaka. Nendeni mkawaulize kwa adabu, mkayaandike maneno yao kama wayasemavyo, yale ya kumsifu Mwalimu na yale ya kumlaumu, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Daftari moja na kalamu moja vyatosha kuanza, na afadhali kuanza kabla ya masika.