Zuzi wa muto Campbell

Wasomaji wetu, mutu tunayemuleta leo hakufika Kongo hata siku moja. Alizaliwa Uingereza, akafia Kanada, na jina lake lilijulikana juu ya samaki na vitabu. Lakini alianza kama mutu wa kambi, sawa sisi: kazi ya mikono, mushahara wa kompani, usiku kulala na wenzake ndani ya nyumba za mbao.

Ni Roderick Haig-Brown, aliyezaliwa mwaka 1908 kule Lancing, kusini ya Uingereza. Babu yake aliongozaka masomo yenye sifa kubwa. Baba yake, askari, aliuawa mwaka 1918 katika vita ya kwanza. Mutoto alifukuzwa kwenye masomo ileile ya babu. Mwaka 1926, na miaka 18 tu, alivuka bahari akaingia kazi ya kukata miti katika jimbo la Washington, Marekani. Makaratasi yake yalipoisha muda, alipanda upande wa Kanada, kwenye Kisiwa cha Vancouver. Huko alikata miti, alitega wanyama wa ngozi, alivua samaki wa kuuza, aliongoza wageni mutoni. Alirudi kidogo kwao, lakini mwaka 1931 alikuwa tena kisiwani. Mwaka 1934 alioa Ann Elmore wa Seattle, wakajipanga pembeni ya muto Campbell, wakazaa watoto wane.

Toka mwanzo wa miaka ya 1940 alikuwa zuzi wa ule muji mudogo, kwa zaidi ya miaka 30. Sheria hakuisomea iniverisite; alijifunza mwenyewe. Mchana tribinali, usiku kuandika.

Katika vitabu vyake kuko samaki anayerudi mara na mara: stilihedi, maana ya jina ni kichwa cha chuma. Ni ndugu ya samoni. Anazaliwa mutoni, anakaa humo miaka miwili ao mitatu, kisha anashuka baharini kunenepa. Akikomaa anarudi kwenye muto aliozaliwa, anapanda maji yenye nguvu ili atage. Samoni wa bahari ile wakisha kutaga wanakufa. Stilihedi hapana: wamoja wanashuka tena baharini na kurudi mara ya pili. Njo maana ukiua mama mumoja, pengine umeua na mayai ya mwaka kesho. Tena hawako wengi. Samoni wanaweza kupanda kwa maelfu na maelfu. Stilihedi wa muto mudogo pengine ni mia chache tu.

Leta iliwekaka kipimo: kila muvuvi, samaki kadhaa kwa siku. Ni kitu kizuri, lakini wavuvi wengi walikigeuza kuwa deni. Mutu akirudi nyumbani bila kufikisha hesabu, anajiona ameshindwa. Haig-Brown alipigana na ile roho. Katika The Western Angler, kitabu cha mwaka 1939, alieleza samaki wa magharibi ya Kanada na maisha yao, na vitabu vilivyofuata vilizidi kufundisha kama kipimo ni mwisho wa ruhusa, si kazi ya siku. Tufanye hesabu ya mufano tu: muto una samaki 300, wavuvi ni 100, kila mutu anachukua 3 kwa musimu mzima. Hakuna aliyevunja sheria, na muto umebaki mutupu.

Yeye hakujifanya mutakatifu. Alikula samaki, lakini wengi aliwatoa kwenye ndobo, akawaachilia. Tunasikia tayari mama mumoja anauliza: unashika samaki, unamuachilia, watoto watakula nini? Ulizo ni la haki. Ila kule wanaovua hivi wanavua kwa furaha, si kwa njaa. Wanalipa permi, wanalipa malazi, wanalipa wanaowaongoza, na samaki aliyeachiliwa muzima anaweza kushikwa tena na mwingine. Wamoja wanakufa hata hivyo, zaidi wakishikwa mikononi muda murefu. Si dawa ya bure.

Na sisi ile hesabu tunaijua. Wakati wa Wabelgiji, mpumbu wa Luapula alipandaka muto wakati wa mvua kutaga, na nyavu zilimungoja njiani. Wafanyabiashara Wagriki wa Kasenga walimupeleka Elisabethville, na kambi za mugodi zilikula. Mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu alianguka, na ule wingi haukurudi.

Lakini Haig-Brown aliona kama kubana wavuvi peke yake hakutoshi. Miaka ya 1950 aliongoza watu waliokataa maji ya ziwa Buttle yainuliwe juu ya baraji ya umeme, ndani ya hifadhi ya Strathcona. Walipata paka nusu: baraji ilijengwa, maji hayakupandishwa mpaka pale palipopangwa. Miaka ya 1960 ukaja mugodi wa zinki na shaba kule Myra Falls, juu ya ziwa lilelile, na kompani ikapewa ruhusa kumwaga matope ya usini ndani ya maji. Alipinga wazi, juu maji yale yanashuka mpaka muji wake. Kazi iliendelea. Kisha kufa kwake, wapimaji walikuta zinki nyingi ziwani, na katika miaka ya 1980 matope yakaanza kuwekwa nchi kavu, maji yakaanza kusafishwa.

Sisi familia za mugodi hatutasema mugodi ufungwe. Unalisha watoto wetu. Ila mutu anayekatazwa samaki wa tatu ana haki ya kuuliza nani anapima maji ya usini.

Toka mwaka 1970 Haig-Brown alikaa pia katika tume ya Kanada na Marekani inayochunga samoni, mpaka alipokufa nyumbani kwake tarehe 9 Oktoba 1976, na miaka 68. Leo katika jimbo lile, British Columbia, stilihedi wa asili lazima aachiliwe. Anayeweza kuchukuliwa, kwenye mito fulani, ni yule aliyefugwa akiwa mutoto, anayejulikana kwa pezi dogo la mugongoni lililokatwa. Hata hivyo mito mingi imepungukiwa, juu nyavu za samoni baharini zinakamata na stilihedi, na bahari yenyewe imebadilika. Nyumba ya zuzi ingali imesimama kando ya muto Campbell, inalindwa kama urithi.